Nilifuata magofu ya Engaruka, homa ikanifuata mimi

MSOMAJI mpendwa, je, umewahi kuugua ugenini? Si mafua ya siku mbili, la. Nasema kuugua hasa, mahali ambapo hakuna akujuaye kwa jina, na kitanda unacholalia si chako. Kama bado, basi keti nikusimulie yaliyonipata mwezi Julai mwaka 2023, nilipotoka hapa kwetu Liwatoni, Mombasa, nikavuka mpaka kwenda kutazama magofu ya kale chini ya milima ya Ngorongoro, Tanzania.

Wenyeji wa kisiwa cha Mombasa wanaijua Liwatoni kwa gati yake ya wavuvi. Ukisimama hapo alfajiri utaziona meli zikipita taratibu kuingia Kilindini, na ng'ambo ya maji Likoni inaanza kuamka. Wa bara walilisikia sana jina hili mwaka 2021, lilipofunguliwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu. Lakini pana kitu cha kale zaidi jirani na hapo. Upande wa Mbaraki umesimama mnara wa matumbawe na chokaa, na ubavuni mwake pana mabaki ya msikiti wa zamani. Utotoni tulipita karibu nao bila hata kugeuza shingo. Usione ajabu, kitu cha kila siku hakina mtazamaji.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipotaka kujua habari zake. Nikakuta kwamba mtaalamu wa mambo ya kale, Hamo Sassoon, aliyewahi kuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus, aliuchunguza msikiti na mnara huo na kuandika juu yake mwaka 1982. Kilichonishangaza ni kwamba bwana huyo huyo, mwaka 1964, kabla ya kuja Mombasa, alikuwa akichimbua mahali paitwapo Engaruka, katika nchi ya Wamaasai wa Tanzania. Nikajiambia, aliyetoka Engaruka alikuja hadi mlangoni kwetu. Mimi wa Liwatoni nitashindwaje kwenda Engaruka?

Safari yaanza

Mama hakuipenda safari hiyo. "Wenda kutazama mawe? Mawe hapa hayako?" aliniuliza. Nilicheka, nikamwambia nitamletea zawadi. Nilijiona nimejiandaa vya kutosha. Nilikuwa na pasipoti, na nilikuwa na kile kijitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania hukidai kwa wasafiri watokao Kenya. Chanjo hiyo yataka kuchomwa si chini ya siku 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 cheti chake ni cha maisha yote.

Basi lilitutoa Mwembe Tayari likapita Voi, Mwatate, hadi Taveta. Mpakani Holili nilikitoa kijitabu changu kwa mbwembwe, afisa akakitazama, akanirudishia. Nikapita nikijiona nimekingwa na kila balaa. Upande wa kulia Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni. Jioni tukaingia Arusha.

Siku ya pili nikalala Mto wa Mbu, mji mdogo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wenye mashamba ya mpunga na migomba, na ndizi nyekundu ambazo sijaziona Mombasa. Kwa jina kama hilo, hata mtoto angejua la kufanya. Niliteremsha chandarua mapema, nikakichomeka pande zote chini ya godoro. Sikuumwa na mbu hata mmoja. Asubuhi nikaamka kichwa kinagonga. Nikasema ni uchovu wa basi, nikameza vidonge viwili vya kutuliza maumivu, nikapanda gari la kwenda Engaruka.

Barabara ni ya vumbi, nayo yaambaa chini ya ukingo wa bonde. Mbele yako unauona mlima Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, ambao ni volkano hai. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka na kumwaga majivu. Jua lilikuwa kali na abiria wote walikuwa wakijipepea. Mimi nilikuwa nimejifunga leso mbili nikitetemeka kwa baridi. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, tuliyekutana garini, alinitazama akaniuliza, "Dada, u mzima?" Nikamjibu, "Mzima kabisa, mama." Uongo mtupu. Niliogopa kwamba nikisema naumwa nitarudishwa Arusha kabla ya kuyaona mawe yangu.

Mji wa mawe chini ya mlima

Asubuhi iliyofuata kijana wa Kimaasai alinipeleka kwenye magofu. Msomaji, usitarajie minara wala kasri. Engaruka ni kazi ya wakulima. Mlimani kuna ngazi za mawe zilizosawazishwa, na juu ya kila ngazi palikuwa na nyumba. Vijiji hivyo vilikuwa saba, vimepangana kwenye mteremko. Chini yake, uwandani, kuna mashamba yaliyogawanywa kwa kuta fupi za mawe, yakienea karibu kilomita za mraba 20. Katikati ya mashamba hayo imepita mifereji iliyotoa maji kwenye mito iteremkayo kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Hakuna saruji wala chokaa kama ya Mbaraki, ni jiwe juu ya jiwe.

Nchi ile ni kavu, mvua yake haba. Bila mifereji ile hapangeota kitu cha kulisha maelfu ya watu. Wataalamu wamekuta punje za mtama zilizoungua, zikawaonyesha chakula chao kilikuwa nini. Watu hao walikaa hapo tangu karne ya 15 au kabla kidogo, na kufikia karne ya 18 wakawa wameondoka. Wako wasemao maji ya mito yalipungua, na wako wasemao ardhi ilichoka au wafugaji waliwasukuma. Hata uzao wao wabishaniwa. Wengine huwataja Wairaqw na wengine Wasonjo, ambao hadi leo hulima kwa mifereji si mbali sana na hapo.

Kijana wangu alikuwa akinieleza haya nami naandika. Nilipoyasoma maandishi yale baadaye, nusu yake hayasomeki. Herufi zimelala kama zimelewa. Tulipofika ngazi ya tatu magoti yaliniisha nguvu. Nikakaa chini, nikaegemea ukuta, nikatapika. Mawe yalikuwa ya moto kwa jua nami meno yakigongana. Yule kijana akaweka mkono juu ya paji langu la uso, akautoa haraka. "Dada, wewe unaungua," akasema. "Hatuendi juu tena."

Nilimbembeleza dakika tano tu. Wala hakunijibu. Alishuka mbio, akarudi na mwenzake mwenye pikipiki. Wakanipakia katikati yao kama gunia la mahindi, hao mpaka zahanati.

Nesi na hesabu ya siku

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio changu kilikuwa karibu. Nesi alinidunga kidoleni, akatia tone la damu kwenye kile kipimo kidogo cha plastiki, na baada ya robo saa ikatokea mistari miwili. Malaria.

"Ni mbu wa Mto wa Mbu," nilisema kwa sauti ya kinyonge. "Na chandarua nilishusha!"

Nesi akatabasamu. "Mto wa Mbu ulilala lini?"

"Juzi."

"Basi usiusingizie. Malaria haitoki kwa siku mbili. Hesabu kurudi nyuma. Siku 10, siku 15, ulikuwa wapi?"

Nikahesabu kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka. Siku 13 nyuma nilikuwa Msambweni, Kwale, arusini kwa binamu yangu. Tulilala wanawake wengi chumba kimoja, mikeka imetandikwa hadi mlangoni, usiku wa pili wa ngoma, mvua za masika zimetoka kukatika, na chandarua hakuna. Nilikumbuka hata nilivyojikuna asubuhi yake.

Hivyo ndivyo ilivyo, msomaji. Mbu jike wa anofelesi akikuuma, vimelea huenda kwanza kwenye ini na kuzaana humo kimya kimya. Wewe hujui kitu. Unafua nguo, unakata tiketi, unamwambia mama utamletea zawadi. Kwa kawaida ni baada ya siku 10 hadi 15 ndipo hutoka kwa wingi kwenye damu, na homa ikaanza. Kijitabu changu cha manjano hakikuwa na msaada, kwa kuwa chanjo ile ni ya ugonjwa mwingine kabisa, uletwao na mbu mwingine. Nilivuka mpaka nikiwa tayari nimebeba maradhi ya kwetu damuni.

Nilijitetea kwamba sisi wa Pwani tumezoea malaria tangu utotoni. Nesi akanikatiza. Kinga ile, alisema, huwapo kwa aumwaye mara kwa mara, na hupungua ukikaa mjini miaka bila kuugua. Akaongeza, bila ukali, kwamba vile vidonge vya maumivu vilishusha homa kwa saa chache vikanidanganya, na kwamba ningengoja siku nyingine mbili pengine ningefikishwa kwake sijitambui.

Akanipa dawa mseto, vidonge vinne kwa mara moja. Vinne vya pili baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni hadi zitimie mara sita kwa siku tatu. Akasisitiza nimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwani bila mafuta dawa haiingii mwilini vizuri. Na kwa Wamaasai, maziwa si kitu cha kutafuta.

Yule mama wa garini alinipokea kwake. Siku tatu alinikandia kichwa, akaninywesha uji na maziwa, akaniamsha usiku wa manane kumeza dawa. Nilipomwuliza gharama alinitajia bei ya chumba tu. "Uji si biashara, mwanangu," alisema. Wala hakunikumbusha jinsi nilivyomdanganya.

Daktari aliyetangulia

Nilipolala pale nikipata nafuu nilimkumbuka mtu mmoja. Mzungu wa kwanza kuandika habari za magofu ya Engaruka alikuwa Gustav Fischer, Mjerumani, aliyepita hapo mwaka 1883. Naye alikuwa daktari, tena alikuwa amefanya kazi Unguja kwa miaka. Akafanya safari nyingine ya bara mwaka 1885 na 1886, akarudi kwao Ujerumani, na mwezi Novemba 1886 akafa mjini Berlin kwa homa aliyoipata safarini. Alikuwa amekwisha fika nyumbani! Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye aletaye malaria. Jambo hilo Ronald Ross alilithibitisha huko India mwaka 1897.

Sisi twajua, na bado twajidanganya. Ndiyo sababu nakuomba, wewe mwenye jamaa mjini na wewe mwanafunzi utakayekwenda ziara na wenzako, ushike machache haya. Ukitoka au ukirudi kutoka penye malaria kisha ukashikwa na homa ndani ya mwezi, na hata baada ya hapo, usijitibu kwa kukisia. Nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Mwambie mganga mahali pote ulipolala, si ulipo leo tu. Ukiwa Ulaya au Marekani mwambie mara mbili, maana huko daktari aweza kudhani ni mafua. Maliza dozi hata ukijisikia mzima siku ya pili. Na usimfiche mwenzako wa safari hali yako, kwa kuwa ndiye atakayekubeba.

Ngazi za juu za Engaruka sikuziona. Nilirudi Liwatoni nimekonda, leso zinanizidi, na zawadi ya mama ilikuwa mkungu mdogo wa ndizi nyekundu uliokwisha iva kupita kiasi. Alizila hivyo hivyo, kisha akauliza kama yale mawe yalikuwa mazuri. Nikamwambia ni mazuri, ila sikuyamaliza. Jioni yake nikatembea hadi Mbaraki, nikaketi karibu na mnara wetu mpaka upepo wa bahari ulipoanza kunipa baridi. Nikainuka upesi nikarudi nyumbani.

Mwaka huu nimemwahidi yule mama wa Engaruka kwamba nitarudi. Chandarua nitakibeba mwenyewe, na safari hii nitakifunga kwanza arusini.