Bunduki Yangu ya Kwanza ya Kuvulia Samaki

Kijana mmoja niliyemfundisha zamani alinijia Dominika iliyopita baada ya Misa, akaniambia: «Bwana Mwalimu, nimeweka akiba miezi minane. Nataka kununua bunduki ya kuvulia samaki. Je, ninunue ya namna gani?» Nilimkaribisha nyumbani, nikamweleza yale niliyojifunza mimi mwenyewe kwa hofu kubwa. Na kwa kuwa najua vijana wengine wa pwani za ziwa Tanganyika wana hamu kama yake, nimeona vema niyaandike hapa, ingawa sehemu moja ya habari hii yaniaibisha.

Bunduki ninayoisema si ile ya baruti. Ni mti mrefu au bomba jepesi, lenye mpini na kifyatulio, na mbele yake umefungwa mpira mnene wenye nguvu. Mvuvi huuvuta mpira nyuma mpaka ushike mshale wa chuma. Akifyatua, mpira huusukuma mshale, nao umefungwa kamba ili usipotee pamoja na samaki. Mvuvi mwenyewe huzama kwa pumzi yake tu, amevaa miwani ya kuzamia.

Mwaka 2018 nilikuwa nikifundisha huko Moba. Maji ya ziwa letu ni maangavu; siku ya utulivu mtu aweza kuona chini kupita mita 10, na kando ya mawe samaki huonekana kama ng'ombe malishoni. Mshahara ulikuwa ukichelewa, na watoto walikula ugali na majani siku nyingi mfululizo. Basi nilijiambia: «Chakula kipo mbele ya mlango wangu.» Neno hilo lilikuwa kweli. Lakini ndani yake mlikuwa na neno jingine nisilotaka kulikiri: nilitamani watu wanione nikipanda kutoka majini na samaki mkubwa begani.

Nilinunua bunduki ya sentimeta 130, yenye mipira miwili. Mfanyabiashara aliniambia kwamba bunduki ndefu humpata samaki mkubwa. Hakuniuliza kama nimewahi kuzama, wala mimi sikumwuliza neno. Kumbe bunduki ya namna hiyo ni ya mtu aliyezoea, tena wa maji makuu.

Siku ya kwanza nilikwenda na mwanangu wa miaka saba, aliyekaa ndani ya mtumbwi akikumba maji kwa kopo. Nilipokuwa nikielea nilijaribu kuuvuta mpira, nikashindwa. Mikono yangu haikufika. Badala ya kurudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuelewa, nilipanda juu ya mwamba, nikaegemeza mpini kwenye jiwe, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mpira wa kwanza ulishika. Nilipouvuta wa pili, mguu uliteleza juu ya ukoga, bunduki ikagonga jiwe, mshale ukatoka. Ulitoboa ubavu wa mtumbwi, shubiri moja tu kutoka goti la mtoto.

Yeye alicheka, akasema: «Baba, umemkosa samaki!» Mimi sikuweza kutamka neno. Niliketi juu ya mwamba mpaka miguu ilipoacha kutetemeka.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu. Mke wangu alipouona mtumbwi, nilimwambia kwamba umegonga jiwe. Mimi, mwalimu, niliyewaadhibu wanafunzi kwa sababu ya uwongo! Nilikaa majuma matatu na neno hilo moyoni, nikipokea chakula mkononi mwake kama mwizi. Mwishowe mtoto mwenyewe alimsimulia habari yote, akidhani ni mchezo. Mama yake hakupaza sauti. Aliniuliza tu: «Ulinificha kwa kuwa uliogopa nitakukataza, au kwa kuwa uliona haya?» Nilijibu: «Kwa haya.» Akasema: «Basi, haya hiyo ikufundishe, isikufunge mdomo.»

Ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja wa kijiji, mvuvi wa tangu ujana, nikamwonyesha bunduki. Aliigeuza mkononi, akasema: «Mwalimu, mtoto wa mwaka wa kwanza unampa kitabu cha mwaka wa sita? Mtu hujikuna ajipatapo.» Sikuona haki kumwuzia mwingine hatari iliyonishinda mimi. Nilimpelekea seremala, akaukata mti wake, na fundi wa chuma akafupisha mshale na kuuchonga upya. Ikawa bunduki ya sentimeta 75, yenye mpira mmoja. Nayo ndiyo niliyoijulia kazi hii.

Kutokana na hayo, haya ndiyo niliyomwambia kijana wangu.

Kwanza, kabla ya kutoa faranga hata moja, uliza ofisi ya uvuvi ya mahali pako na mkuu wa kijiji kama chombo hiki kinaruhusiwa. Ng'ambo yetu, katika Tanzania, sheria ya uvuvi imekikataza. Mkristo hali samaki wa wizi.

Pili, chagua urefu kwa kadiri ya mikono yako na maji yako. Kwa anayeanza, sentimeta 75 zatosha, na mwenye mikono mirefu aweza kufika 90. Karibu na midomo ya mito, ambako mvua huchafua maji, bunduki ndefu haina faida, maana hutaona samaki wa mbali. Tena huko na penye matete kuna mamba na viboko, usiingie kabisa. Hapo dukani, weka mpini kifuani, uuvute mpira kwa mikono miwili mara tatu, pasipo mtu yeyote kusimama mbele. Ukishindwa mara ya tatu, bunduki hiyo si yako, hata kama ni nzuri namna gani.

Tatu, ziko bunduki za mpira na ziko bunduki za hewa iliyoshindiliwa. Za hewa ni fupi na zina nguvu, lakini zataka pampu na vipuri ambavyo havipatikani kwetu kwa urahisi. Mpira ukichanika wakata mwingine. Chukua ya mpira mmoja, mshale wa unene wa milimeta 6 na nusu au 7, wenye ulimi unaofunguka ndani ya samaki, na kizuizi cha kifyatulio kinachofanya kazi. Lakini kizuizi hicho usikitumainie. Chuma pia huchoka.

Nne, na hili ndilo kubwa: bunduki hutegwa majini tu, na hufunguliwa majini kabla ya kupanda mtumbwini au ufukoni. Isielekezwe kwa mtu kamwe, hata ikiwa haina mshale. Wala usizame peke yako. Mmoja azame, mwenzake abaki juu akimtazama. Tena usipumue harakaharaka mara nyingi ili kuongeza pumzi kabla ya kuzama; kufanya hivyo huondoa mwilini ile dalili inayotuonya kwamba hewa imepungua, na mtu huzimia majini pasipo kujua. Wengi wamekufa hivyo, nao walikuwa waogeleaji hodari.

Kijana aliniuliza: «Kwa bunduki fupi namna hiyo, Mwalimu, si nitawakosa?» Nilimjibu: «Utawakosa, kama nilivyowakosa mimi.» Maana macho hudanganywa majini. Kwa miwani ya kuzamia, samaki huonekana karibu kuliko alivyo kwa robo moja, tena mkubwa zaidi kwa theluthi. Unayemwona kwenye mita 3, kweli yuko kwenye mita 4. Bunduki ndogo yataka usogee mpaka mita 2 hivi, utulie, uache mapigo ya moyo yapungue. Yaani yakufundisha kuvua.

Neno la mwisho nililomwambia ni hili. Katika ziwa letu yuko samaki aitwaye kuhe, mmojawapo wa wakubwa kabisa katika jamaa yake duniani. Hupita nusu mita. Asubuhi moja, mwaka uliofuata, nilimkuta mmoja juu ya mchanga, mnene, wala hakukimbia. Nilisogea mpaka mita 2. Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio. Ndipo nilipoona, chini yake, wingu la vitoto wadogo kuliko sindano, na upande wa pili kuhe mwingine akizunguka. Walikuwa baba na mama. Kuhe hulinda mayai na watoto wao wawili wawili, ndiyo sababu hakukimbia. Wakiondolewa, wadogo huliwa na samaki wengine.

Nilikumbuka mtumbwi na tundu lake. Niliifungua bunduki palepale, nikapanda juu. Jioni tulikula ugali na majani. Mwanangu aliniuliza kama nimemkosa samaki tena. Safari hii nilimweleza ukweli wote, wa siku ile na wa siku ya mwamba, mbele ya mama yake. Alifikiri kidogo, akauliza: «Na vile vitoto, vitakuwa vikubwa lini?»

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wazazi, kijana wenu akitaka chombo chenye nguvu, msimkatalie kwa makelele tu, wala msimpe pesa na kunyamaza. Nendeni pamoja naye dukani. Mwacheni avute mpira mbele yenu. Mwulizeni atamlisha nani, na nani atabaki juu kumtazama akizama. Kijana wangu amerudi jana. Amenunua ya sentimeta 75, na faranga zilizosalia amenunua miwani ya pili, kwa ajili ya mdogo wake atakayemlinda. Nilimshukuru Mungu, nikamwonyesha ubavu wa mtumbwi wangu. Nilikwisha kuliziba tundu zamani, lakini kiraka sikukipaka rangi.