Matembezi Yenye Manufaa: Mikoko ya Gazi



Neno utalii halina sifa njema katika nyumba nyingi za Pwani. Likitajwa, wazee hukumbuka fukwe zisizokanyagika na wenyeji, mavazi yasiyo na stara, na fedha zipitazo mbele yetu bila kutua. Hofu hiyo ina msingi, nasi hatuipuuzi. Hata hivyo, uko utalii wa namna nyingine, nao tuliuona Gazi, Kaunti ya Kwale, tulipowapeleka watoto wakati wa likizo.

Akina mama wa Gazi wanaendesha daraja la mbao linalopita ndani ya mikoko. Mgeni hulipa kiingilio, huongozwa na mwenyeji, na akitaka hupikiwa wali wa nazi na samaki. Mama aliyetutembeza, akiwa amejitanda leso yake, aliwafundisha watoto kuutambua mkoko kwa mizizi inayoshuka kutoka shinani kama miguu, na mchu kwa mizizi inayochomoza matopeni kama vidole. Baina ya mizizi hiyo, alisema, ndipo samaki wadogo na kamba hukulia. Ikikatwa, nyavu hurudi tupu. Binti yetu mmoja akamwuliza kwa nini hakwenda mjini kutafuta kazi. Akatabasamu: "Hii ndiyo kazi, mwanangu."

Wazee wetu waliezeka nyumba kwa boriti za mikoko, na majahazi yalizichukua hadi Arabuni. Mti uliotusitiri sasa unahitaji kusitiriwa. Tangu mwaka 2013, vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja. Miti hufyonza hewa ya kaboni na kuihifadhi matopeni. Wanunuzi wa ng'ambo hulipia kazi hiyo, na fedha zake zimewaletea wanakijiji maji na vitabu vya shule.

Basi familia inayopanga safari iulize kwanza: nani atapokea fedha zetu? Viumbe vitabaki salama? Heshima ya wenyeji italindwa? Tukifika, tuvae kwa stara, tuombe idhini kabla ya kupiga picha, na taka zetu turudi nazo.

Dini yetu imetuhimiza kutembea katika ardhi na kuzingatia, na ardhi yenyewe ni amana. Kiingilio kinachobaki kijijini humpa kijana sababu ya kuuacha mkoko usimame.