Jezi Ziko Sunderland, Simulizi Ziko Msimbazi

Mwana Simba anayehamia Sunderland hafiki ugenini moja kwa moja. Klabu yetu ya Mtaa wa Msimbazi ilianzishwa 1936 ikiitwa Queens, na hadi 1971 ilikuwa ikichezea jina la mji huu wa kaskazini mashariki mwa Uingereza ninakoishi. Wekundu na weupe huku, wekundu na weupe kule. Nikiwaeleza wenyeji, hudhani nawatania.

Hapa ndipo nilipoambukizwa ugonjwa wa kukusanya vitu vya soka: jezi kuukuu, tiketi na, zaidi ya vyote, vile vijitabu vinavyouzwa mlangoni siku ya mechi. Waingereza wamekuwa wakivichapa kwa zaidi ya karne. Ndani utakuta orodha ya wachezaji, maneno ya kocha na tangazo la duka la samani lililokufa zamani. Watu huvitunza kwenye mifuko ya plastiki, na kwenye magulio yao wazee huvikagua kama mahakimu: pini zimeshika kutu? Kuna mtu kaandika kwa kalamu? Kuponi imekatwa?

Hiyo kuponi ina kisa chake. Miaka ya sitini na sabini klabu nyingi ziliweka kuponi ndani ya kijitabu. Shabiki alizikata na kuzibandika ili apate nafasi ya kununua tiketi ya mechi kubwa. Kijitabu chenye tundu hushuka bei. Mimi navipenda hivyo hivyo vyenye matundu. Mwaka 1973 Sunderland, timu ya daraja la pili, iliifunga Leeds 1-0 Wembley na kutwaa Kombe la FA kwa bao la Ian Porterfield. Kila tundu linanionyesha mtu aliyekuwa na hamu ya kufika Wembley, na hamu hiyo huioni kwenye kijitabu kisichoguswa.

Sasa twende Magomeni, kwa baba yangu mdogo. Mwaka 1993 alikuwa uwanjani Dar es Salaam, fainali ya Kombe la CAF, Simba walipolala 2-0 mbele ya Stella Abidjan baada ya kutoka suluhu ugenini. Akianza kusimulia, chai inapoa: anakuonyesha kwa mikono beki alivyopitwa, anakuigizia ukimya wa jukwaa lote. Nikimuuliza tiketi iko wapi, ananicheka. "We mtoto, tiketi ya msiba unaiwekea nini?" Na jezi aliyovaa siku ile? Ilikwenda shamba, ikarudi tambara.

Simlaumu. Kwetu nguo huvaliwa mpaka iishe, na karatasi ina maadui wawili wakubwa, mchwa na unyevu wa Pwani. Tena nikisema kweli, simulizi yake inalishinda boksi langu zima. Lakini simulizi ina mwenyewe, na wenyewe wa 1993 wanazidi kupungua vijiweni.

Kinachonichekesha ni mitumba. Jezi za Kiingereza za miaka ya tisini, ambazo wakusanyaji huku hupandishiana bei usiku kucha mtandaoni, huja Dar ndani ya belo na kuning'inizwa sokoni Mchikichini, jirani kabisa na uwanja wa Karume. Kijana wa bodaboda anaivaa jua kali bila kujua kwamba mgongoni kabeba kodi ya chumba. Nikimwambia, ataivua, kwa hiyo sijamwambia.

Thamani yenyewe wakati mwingine hupita akili. Jezi ambayo Maradona alibadilishana na mpinzani wake Steve Hodge baada ya Argentina kuifunga Uingereza mwaka 1986 ilikaa miaka mingi kwenye Jumba la Makumbusho la Soka Uingereza, kisha ikauzwa mnadani 2022 kwa zaidi ya pauni milioni 7. Hizo ni fedha za matajiri, sisi tuziache. Ninachojali ni kwamba Hodge aliiweka.

Na sisi tuna cha kuweka, tena cha juzi tu. Natamka kwa shingo upande kwamba watani wetu Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho 2023 na kulikosa kwa sheria ya bao la ugenini, baada ya kuwafunga USM Alger kwao. Simba wakafika fainali hiyo hiyo 2025, marudiano yakapigwa Zanzibar. Jezi za mechi zile bado ziko kabatini kwa watu, ingawa tiketi nyingi sasa ni za kadi na simu, haziachi hata kipande.

Basi ndugu yangu, Simba au Yanga, kabla jezi hiyo haijawa ya kufulia gari, ikunje. Andika kwenye karatasi mechi gani, tarehe gani, ulikaa na nani, uitie pamoja nayo. Na mzee wa nyumbani akianza kusimulia, mrekodi kwa simu. Viongozi wa klabu nao watenge chumba kimoja cha kumbukumbu Jangwani kwa Yanga na kingine Msimbazi kwetu tuje tulipe kiingilio. Mimi nitakuja na mizigo yangu.