Kipande Kisicho na Maneno



Wapendwa waamini, juma lililopita mama mmoja wa jumuiya ndogondogo alitusimamisha nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza. Akatuuliza, kwa ule upole wa watu wa Songea wanaotaka kukemea bila kukemea: "Shikamoo Padre. Ni kweli haya tunayoyasikia, kwamba siku hizi unatunga muziki wa Wazungu na kuuweka kwenye mtandao?" Tulicheka, tukamwahidi kumjibu siku nyingine. Swali lake lilistahili jibu bora kuliko kicheko, nalo ndilo hili.

Ni kweli. Kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukitunga vipande vifupi vya piano, kwa mtindo ule wa kale wa Ulaya, visivyo na maneno. Viko vitano. Kirefu kuliko vyote hakifiki dakika sita. Hatukuvitangaza altareni, kwa sababu altare si mahali pa kujitangazia, na pia, tuseme ukweli wote, kwa sababu tuliona haya.

Kinanda tulijifunza seminarini, kwenye harmoniamu ya kukanyaga ambayo mvukuto wake ulikuwa umetobolewa na panya ukazibwa kwa viraka vya ngozi. Ukiacha kukanyaga, sauti inakufa. Tulianza na nota za sofa, zile za herufi ambazo kwaya zetu nyingi huzitumia hadi leo, kisha tukapandishwa kwenye nota za mistari mitano. (Na hapa tumwambie yule mama kwa heshima: hata hizo nota za sofa anazoimbia sauti ya pili kila Dominika zilitengenezwa Uingereza katika karne ya 19. Tukianza kufukuza vya Wazungu, tutabaki wachache sana kanisani.)

Piano yenyewe tuliiona baadaye, ukumbini mwa nyumba moja ya wamisionari, kifuniko kimefungwa na juu yake vyungu vya maua. Tulipoifunua na kuigusa, nota moja kati ya tatu ilikuwa bubu, na zilizobaki zilipingana kama mashahidi wa uongo. Hatukushangaa. Piano ina nyuzi zaidi ya 200, kila mmoja umevutwa kwa nguvu na msumari uliokazwa ndani ya mbao. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua zetu, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, kisha hukauka na kujikunja wakati wa kiangazi. Bila fundi wa kuilinganisha kila mara, chombo hicho hugeuka kabati. Kwa hiyo tunachopiga leo ni kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, wakati piano kamili ina 88. Sauti za chini kabisa tunazitunga kichwani. Umeme ukikatika, tunatunga zote kichwani, ingawa hali ni afadhali sana tangu gridi ya Taifa ilipotufikia mwaka 2018 kupitia Makambako. Wakongwe wanaikumbuka Songea ya majenereta.

Sasa, mambo mawili yalitokea kabla kipande cha kwanza hakijapata sura yake, na ya pili yasingekuwapo bila ya kwanza.

Mama yetu mzazi alifariki mwaka 2021. Misa ya mazishi tuliiadhimisha sisi wenyewe, na hatukulia. Watu walitusifu: Padre ana imani. Haikuwa imani. Padre anayesimama altareni na jeneza la mama yake limelazwa mbele yake ana kazi ya kufanya. Kuna kurasa za kufungua, kuna uvumba, kuna maji ya baraka, kuna mtumishi wa altare aliyesahau kibiriti. Machozi yaligonga mlango yakakuta mwenye nyumba yuko kazini. Tulirudi parokiani siku ya tatu, tukaendelea na semina za ndoa.

Karibu mwaka mmoja baadaye, usiku mmoja, tuliketi kwenye kinanda, vidole vikaanza kutafuta kitu. Tulipokiandika, tuliona kwamba ni kwa ajili yake. Basi tukapanga jambo ambalo wakati ule lilionekana jema: siku ya Misa ya kumbukumbu yake, wakati wa Komunyo, tutamwomba mtu apige kipande hicho, bila wimbo, bila maneno.

Tulisahau tuliyofundishwa. Maagizo ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 yanaruhusu vyombo kupigwa peke yake katika sehemu kadhaa za Misa, Komunyo ikiwa mojawapo, lakini yanakataza jambo hilo katika Majilio, Kwaresima, siku kuu tatu za Pasaka, na katika Misa za marehemu. Hapo chombo kinaruhusiwa kusaidia uimbaji tu. Tulilisoma agizo hilo mara tatu tukitafuta upenyo, kama mwanasheria anayemtetea ndugu yake. Upenyo haukuwapo. Na kadiri tulivyolitafakari, tuliona lina hekima: katika Misa ya marehemu, taifa la Mungu linamwombea aliyekufa, wala halikuja kusikiliza jinsi mwanawe anavyojisikia. Sisi wenyewe tumewahi kuwazuia wengine kwa sababu hiyo hiyo.

Sheria za Kanisa juu ya muziki zina historia ya kufurahisha kidogo. Mwaka 1903 Mtakatifu Papa Pio X alitoa waraka wake juu ya muziki mtakatifu, na humo piano ilipigwa marufuku kanisani, na papo hapo, pamoja nayo, ngoma na vyombo vingine vya makelele. Piano na ngoma zilitolewa nje kwa mlango mmoja! Miaka 60 baadaye, mwaka 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Na mwaka huo huo Padre Stephen Mbunga, Mtanzania mwenzetu, mtunzi wa Misa Baba Yetu, alichapisha kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma ilirudi kwa vigelegele. Piano hakuna aliyeikumbuka, maana kwetu haikuwapo.

Basi kipande chetu kilibaki bila makazi. Kanisani hakiruhusiwi siku tuliyoitaka. Ukumbi wa muziki wa namna hiyo mjini kwetu hatuna. Na kukipiga peke yetu usiku kulianza kufanana na kuongea peke yetu.

Aliyetufungulia njia ni mwalimu wetu wa kwaya. Yeye, kama watunzi wengi wa nyimbo za Kikatoliki nchini, huweka nota zake kwenye mtandao wa Swahili Music Notes, kwaya yoyote ikazipakua. Wengi wenu hamfahamu jinsi jambo hili lilivyobadili maisha ya kwaya. Zamani wimbo mpya ulitufikia kwa karatasi iliyonakiliwa kwa mkono, ikadurufiwa, ikasafirishwa kwa basi, na kila aliyenakili aliongeza kosa lake. Besi wa parokia mbili walipokutana kwenye sherehe moja, kila upande uliimba kosa lake kwa ujasiri. Siku hizi mwalimu wa kigangoni huketi Ijumaa na simu yake akapata zaburi ya Dominika, nota na sauti ya kompyuta ya kujifunzia, pamoja na hesabu ya mara ambazo wimbo umepakuliwa. Mwalimu wetu alizoea kuandika kwa programu ya Finale, na ilipotangazwa Agosti 2024 kwamba haitaendelezwa tena, alikuja kutupa habari akiwa na sura ya mfiwa. Sasa anajifunza MuseScore, ambayo ni ya bure, na analalamika.

Tulimpa karatasi zetu, akaziandika kwenye kompyuta. Jioni moja tukaketi ofisini kusikiliza. Kompyuta ilipomaliza, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Padre, samahani nikuulize. Huyu ni mama yako, au ni mama wa Chopin?"

Tulikasirika siku tatu. Siku ya nne tukakisikiliza tena, tukakuta amesema kweli. Kila nota ilikuwa mahali pake, na hakuna hata moja iliyomfahamu marehemu. Tulikuwa tumechukua huzuni iliyoshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine, tukaivaa.

Tukaanza upya kwa kujiuliza swali la kitoto: mama yetu alikuwa na sauti gani? Jibu lilikuja kabla hatujamaliza kuuliza. Kinu. Jioni, yeye na dada zake wawili, michi mitatu kinu kimoja, kila mchi ukishuka kwa zamu yake pasipo kugusana. Na mara kwa mara mmoja wao huurusha mchi juu, akapiga kofi, akaudaka kabla haujapoteza zamu. Na juu ya kishindo hicho, mama alikuwa akivumisha Salve Regina kwa Kilatini alichofundishwa utotoni katika shule ya misioni, nusu ya maneno akiwa ameyabadili kuwa kitu kisichokuwa Kilatini wala Kingoni. Ajabu yake ni kwamba wimbo haukufuata mchi. Mchi ulishika mapigo yake, wimbo ukatembea juu yake kwa hiari yake, ukisimama unapotaka, kama wimbo wa Kigregoriani unavyopaswa kutembea. Seminarini walitufundisha jambo hilo kwa muhula mzima. Tulikuwa tumelisikia nyuma ya nyumba tangu tukiwa na umri wa miaka minne.

Tulijua kwamba wapo waliotutangulia katika njia hii. Akin Euba wa Nigeria, aliyefariki mwaka 2020, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba piano yaweza kupigwa Kiafrika, kwa kuwa nayo ni chombo cha kugongwa: ndani yake nyundo ndogo hugonga uzi. Na jirani yetu Justinian Tamusuza wa Uganda aliandika muziki wenye mapigo ya Kiganda kwa vyombo vinne vya nyuzi vya Ulaya, na Kronos Quartet ya Marekani wakaurekodi katika albamu yao ya mwaka 1992. Hatujilinganishi nao. Tunasema tu kwamba mlango ulikuwa wazi, nasi tulikuwa tunaingilia dirishani.

Mkono wa kushoto ukawa kinu, nota tatu kwa zamu, na pale palipo na kofi tukaacha kimya. Mkono wa kulia ukawa mama. Hapo ndipo mwalimu alipoteseka, maana programu hudai kila kipimo kijae mapigo yake kamili, na mama hakuwahi kujaza kipimo. Ilimchukua majuma mawili kuulazimisha mstari wa juu utembee bila vipimo huku wa chini ukivishika. Tulipokisikiliza mara ya pili hakuuliza swali lolote. Aliomba ruhusa akatoka nje, nasi tukapata nafasi ya kulia, mwaka mzima na zaidi baada ya mazishi.

Kipande kiliwekwa YouTube kwa jina letu bila cheo cha upadre. Mwezi wa kwanza kilisikilizwa mara 41, na tunakiri kwamba 12 kati ya hizo zilikuwa zetu wenyewe. Tunakiri pia jambo baya zaidi: kuna asubuhi ambapo tuliangalia hesabu hiyo kabla ya kufungua Masifu ya Asubuhi. Tulilipeleka jambo hilo kwa muungamishi wetu. Malipizi aliyotupa hatutayaandika hapa, ila tangu siku hiyo simu yetu hulala ofisini.

Vipande vinne vilivyofuata tuliviweka kwa moyo mwepesi zaidi. Watu wachache walituandikia. Mmoja alisema mkono wa kushoto unachosha. Yawezekana.

Kisha, mwezi uliopita, mwalimu alitujia na simu mkononi, uso umekunjamana. Familia moja, ya mkoa mwingine, watu tusiofahamiana nao, walikuwa wametengeneza video ya msiba: picha za mama yao, tangu akiwa msichana hadi akiwa amekaa kwenye mkeka na wajukuu, na chini ya picha hizo kipande chetu. Hakuna jina la mtunzi, hakuna kuomba ruhusa. Kilikuwa kimekatwa pia, kikaishia katikati, mahali pa kofi, kwa sababu picha ziliisha.

"Padre, tuwaandikie?" aliuliza. "Hii ni haki yako."

Tuliitazama video mara mbili. Mara ya kwanza, tuseme kweli, tulikuwa tunasikiliza walipokata. Mara ya pili tulimtazama yule mama. Katika picha moja, ya zamani, yenye mikunjo, alikuwa amesimama uani kando ya kinu, akicheka na mtu asiyeonekana.

Tukamwambia mwalimu aache. Kisha tukamwomba aturudishie video mwanzo, pale palipoandikwa jina la marehemu, asome taratibu herufi kwa herufi, nasi tukaliandika katika kitabu cha nia za Misa, Novemba, mstari ulio chini ya jina la mama yetu.