Giaboksi ya babu haigeuzwi manyuo

Kila fundi ninayemwuliza Grogan ana jibu moja: "Weka gia za mkono, kijana. Otomatiki ya zamani itakumaliza." Ushauri poa, kama gari ingekuwa yangu. Hii Mercedes 230E ya 1983 ni ya babu, na tangu augue kiharusi mguu wake wa kushoto haukanyagi klachi. Ukiigeuza, umempokonya gari halafu unamwambia umeitengeneza.

Kwa hivyo natafuta. (Ndiyo, niliacha chuo nikawa dalali wa vyuma. Sawa tu.) W123 ziliundwa kuanzia 1976 hadi 1985, na katikati hapo giaboksi ikabadilishwa: za mwanzo ni 722.1, za baadaye 722.3. Namba imegongwa kwenye ubavu wake, juu ya sinia ya oili. Ukianza kupangusa uchafu uisome, muuzaji anakasirika: "Zote ni moja!" Si moja. Hata ya dizeli haifai kwa petroli hivi hivi. Itapandisha gia mapema, kwa sababu injini ya dizeli haizunguki kasi hiyo.

Halafu oili. Ikiwa safi ni nyekundu. Juzi nimeonyeshwa nyeusi, inanuka kuungua, nikaambiwa ni "rangi ya uzee".

Sasa kuna moja Mombasa, imetolewa kwa gari ya petroli iliyogongwa nyuma. Babu ameshaosha gari mara mbili wiki hii, na haiendi popote. Ijumaa napanda basi la usiku, na tochi yangu.