Kiti cha Mbele

Kayaki yangu niliichagua ikiwa imelala kwenye sakafu ya saruji, mbali na maji, na huenda hapo ndipo nilipoanza kukosea. Nilitaka ya kukalia juu, ile isiyomfunika mtu miguu, ambayo maji yakiipanda hutoka yenyewe kwa matundu yaliyopenya hadi chini ya chombo. Nikachukua ya watu wawili, pana, karibu mita 4. Moyoni mke wangu alikuwa amekwisha keti kiti cha mbele, jioni, tunapita kando ya mikoko ya Kilifi. Yeye mwenyewe sikuwa nimemuuliza.

Uzito wa kayaki, kilo 30 na zaidi, niliujua maji yalipokupwa. Wakati wa bamvua huku kwetu bahari hushuka zaidi ya mita 3, na pale nilipozoea kuona maji hubaki tope na mizizi. Niliiburuta peke yangu, nikipumzika kila hatua chache. Na hata ilipoelea haikutulia: nilikaa nyuma, omo ikainuka, kusi ikawa inaigeuza itakavyo. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akifunga dema lake, alinitazama kitambo.

“Mwanangu, weka dumu la maji pale mbele.”

Nikaweka, ikatulia. Kwa miezi kadhaa nikapiga kafi nyuma ya dumu la lita 20.

Nilikuwa na muda wa kuwaza huko nyuma. Pengine ingenifaa ya mtu mmoja, ya mita 3, ambayo ningeweza kuibeba begani bila msaada. Wainuit wa Greenland, waliounda vyombo hivi tangu kale, walikipima chombo kwa mwili wa mtu atakayekikalia, urefu wa mikono yake, upana wa nyonga zake. Mimi nilimpimia mtu asiyekuwapo, na bado siwezi kusema kama lile lilikuwa kosa tupu, au namna yangu mbovu ya kumtamani awepo.

Kila nilipomwalika nilimwambia, “Haipinduki.” Haikuwa kweli. Upana husaidia, lakini wimbi la ubavuni na mwili ulioinama vibaya huipindua. Alinyamaza, nami nikaudhani ukimya ule ni woga, nikauongezea maneno. Hadi siku moja:

“Baba Zuhura, na ikipinduka?”

Nilianza jibu lile lile, likanikwama.

“Basi ipindue, nione.”

Tukaingia maji ya kiunoni, bahari imejaa. Niliipindua, dumu likaelea kando. Nikamwonyesha: igeuze, jitupe juu kwa tumbo, piga miguu, kisha ndipo ugeuke ukae. Mara mbili aliteleza akarudi majini, na mara mbili alikataa mkono wangu. Ya tatu alilala juu yake kifudifudi, anahema, maji yakimiminika matunduni, wala hakuharakisha kukaa.