Herufi Moja Zaidi

Katika alfabeti tunayofundishwa shuleni mna herufi 26. Je, tukipewa ruhusa ya kuongeza moja, tungetaka ipi? Swali hili laonekana kuwa mchezo wa watoto. Kumbe wakubwa wa dunia wamelifanyia kazi, na habari zao zatufundisha neno.

Kaisari Claudius alitawala Roma tangu mwaka 41 mpaka 54. Alikuwa mtu wa vitabu. Wakati ule Warumi waliandika U na V kwa alama moja tu, na msomaji sharti abahatishe mwenyewe. Claudius akatunga herufi tatu mpya. Moja yao ilikuwa F iliyopinduliwa kichwa chini, ya kutenga sauti hizo mbili. Kaisari akaamuru, mafundi wakachonga. Nani angekataa? Lakini alipokufa, herufi zake zikaachwa. Watu walikuwa wameziona juu ya mawe, ila mikono yao haikuzizoea.

Zikapita karne nyingi. Mwaka 1524 Mwitalia mmoja, Gian Giorgio Trissino, alimwandikia Papa Klementi VII barua iliyopigwa chapa, akitaka herufi ziongezwe katika lugha yake. Yeye hakuwa na askari wala amri. Alitaka V itengwe na U, na J itengwe na I. Tena alitaka alama za Kigiriki za kuonyesha e na o zinazotamkwa kwa kinywa wazi zaidi. Wenzake wakambishia. Zile za Kigiriki Waitalia hawakuzipokea hata leo. Lakini V na U zikatengana polepole, kwa kuwa waandishi na wapiga chapa waliona faida yake. Basi, neno lililomshinda Kaisari lilitimizwa na watu wa kalamu.

Na sisi je? Kwa Kilingala moto ni mtu, na moto tena ni moto unaochoma. Kinywani hayachanganyiki, maana la pili hutamkwa kwa o ya kinywa wazi. Wataalamu wanayo herufi yake, ɔ, mfano wa c iliyogeuzwa nyuma. Lakini katika barua zetu twaandika o tu. Kiswahili nacho kina haja yake. Sauti inayoanza neno ng'ombe haina herufi yake yenyewe. Waewe wa Togo na Gana huiandika ŋ. Sisi tumepewa alama ndogo ya juu, na wengi wetu huiacha. Huku Kongo wengi hata husema ngombe. Lakini kung'oa mti ni kuuondoa na mizizi yake, na ngoa ni wivu. Alama ndogo, tofauti kubwa!

Mtoto anayejifunza kusoma lugha ya mama yake akikwama hapo, tusimwite mjinga. Sisi wakubwa ndio tuliomwandikia nusu ya neno.

Basi tusingoje amri ya mkubwa. Mwenye kuandika barua ya nyumbani aweke alama ya ng' mahali pake. Mwalimu wa Kilingala aandike ɔ ubaoni siku ile mtoto anapouliza. Herufi haipati uzima kwa kuchongwa katika jiwe. Huupata kwa mkono unaoiandika kila siku.